Ruka Kuanzia Tarehe Ishirini na Tano

Pale ofisini walimwita Mama Sababu, na jina hilo Danielle alilitolea jasho. Ukichelewa, sababu? Ukiomba ruhusa, sababu? Ukizima kompyuta kabla ya saa kumi na moja jioni, utaeleza mpaka ulimi ukauke. Walimcheka pembeni, lakini kazi ikiharibika walimkimbilia yeye. Wanadamu ndivyo tulivyo, tunamcheka mkali mchana kutwa, kisha tunalala usingizi mnono kwa kuwa yeye yuko macho.

Alizaliwa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, mihogo inakoshuka mpaka karibu na maji ya ziwa. Alikuja mjini msichana wa kupiga taipureta kwa muuza saruji, akaolewa, akamzaa Gaël. Mwaka wa tisini na nne alifiwa na mume kwa namna ambayo hakuwahi kumsimulia mtu, nasi tuiache hapo hapo. Mwaka uliofuata Hadji Mohamadi, mfanyabiashara wa Buyenzi, alifungua ofisi ya kompyuta juu ya duka la vitambaa mtaani Asiatique, akamchukua awe karani. Ukarani haukudumu. Hadji aligundua kwamba mwanamke huyu akipewa karatasi mia, ile moja yenye kosa itamwita yenyewe, akamkabidhi ukaguzi wa kazi zote.

Ofisi iliandika programu za kupanga ratiba, na mteja wake mkubwa alikuwa mradi wa chanjo za watoto. Fundi mkuu alikuwa Rénovat, kijana mrefu, muumini, mwenye sauti nene ya kwaya. Rénovat alitunga lugha ndogo ya kompyuta ili wauguzi waandike wenyewe sheria zao kwa maneno ya kawaida: Ruziba, Jumamosi ya pili na ya nne, saa tatu, watoto mia mbili na kumi. Kisha programu nyingine, waliyoiita kompilateri, ilisoma sheria hizo na kuzigeuza kuwa orodha kamili: muuguzi yupi, siku ipi, dawa kiasi gani. Kompilateri ikikosea, muuguzi anapanda kilima kisicho chake katika nchi yenye vita, na watoto wa kilima kingine wanakosa sindano. Haikuwa kazi ya mchezo.

Ndiyo maana kulikuwa na testi. Kila mahali palikuwa na faili lake dogo lenye sheria za pale na jibu linalopaswa kutoka. Na kulikuwa na programu ya kuyapitia mafaili hayo yote, ambayo Danielle aliiandika mwenyewe kwa miezi saba, akijifunza huku akilia chooni. Waliiita Mkaguzi. Kila asubuhi Mkaguzi alilipitisha kila faili kwenye kompilateri, akalinganisha kilichotoka na kilichotarajiwa, akatoa hukumu: imepita, imeanguka.

Sasa nisikilize vizuri hapa, usije ukasema sikukuambia. Juu ya kila faili kulikuwa na mistari michache inayoanza kwa nukta na mkato. Mafundi wanaiita komanteri. Ni maneno ambayo mtu anamwachia mtu mwenzake, na kompilateri huyapita kana kwamba hayapo. Danielle alimfundisha Mkaguzi kuyasoma. Ukitia nyota mbele ya neno, Mkaguzi alilishika kama amri: hii ni testi ya mahali fulani, jibu litarajiwe hivi, testi hii irukwe kuanzia tarehe fulani. Zamani amri hizo zilikaa kwenye daftari lake peke yake, ikawa daftari linasema hivi na faili linasema vile, na watu wanagombana. "Mgonjwa na karatasi yake walale kitanda kimoja," Danielle alisema, na mambo yakatulia.

Halafu akaongeza la kwake. Anayetaka testi irukwe, aandike na sababu. Bila sababu Mkaguzi anagoma, wala testi moja haitembei.

"Utatuzika na hizi sababu zako, Mama Gaël," Rénovat alimtania. "Nikiandika tu 'kompilateri iko mugonjwa', utanifanya nini?"

"Nitakuuliza ugonjwa gani."

Wakacheka, kwa kuwa siku zile bado kulikuwa na vya kuchekea.

Septemba ya mwaka wa tisini na tisa iliingia na hewa mbaya. Milimani bunduki zililia wakati watu wanapakua chakula cha jioni, na asubuhi hakuna aliyesema amesikia. Sokoni wanawake waliokuwa wakipiga soga walinyamaza mtu wasiyemjua akisimama kuuliza bei. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na lililosemwa mwezi ule lilikuwa moja tu, kwamba kuna jambo linapangwa juu ya watu wa vilima vya kando ya mji. Jambo gani, hakuna aliyejua. Danielle hakupenda uvumi. Aliyeleta uvumi aliombwa sababu, akaondoka nao.

Jumatatu tarehe kumi na tatu hakuja kazini, alikwenda Mutakura kumzika mke wa binamu yake. Jumanne alfajiri alipanda ngazi za ofisi peke yake, akafungua madirisha, akawasha kompyuta na Mkaguzi. Kwa kawaida kilichoandikwa mwishoni kilikuwa kimoja, tena alikipenda kama salamu: testi 61, zimepita 61. Siku hiyo kiliandikwa: testi 62, zimepita 54, zimerukwa 8.

Nane! Akaketi. Akaiamuru mashine ya kuchapa itoe mistari ya juu ya yale mafaili manane, ikakwaruza karatasi taratibu, mstari mmoja baada ya mwingine. Palikuwa na vilima saba vya kusini, na Ruziba. Kila kimoja kilikuwa na tarehe yake ya kurukwa: kingine tarehe ishirini na tatu, kingine ishirini na tisa, Ruziba ishirini na tano. Tarehe ya kurudi haikuwepo hata moja. Na sababu ilikuwa ile ile mara nane.

Sababu: hakutakuwa na wakazi.

Aliisoma, akafuta miwani kwa ncha ya kitenge, akaisoma tena. Kisha akalitafuta lile faili jipya, la sitini na mbili. Mahali: Kituo cha 7, malisho juu ya Ruziba. Watoto wanaotarajiwa: 1,940. Danielle aliyajua malisho yale tangu utoto. Hapakuwa na nyumba pale, hapakuwa na bomba wala chemchemi, hata mbuzi hawalali pale. Akachukua kalamu, akajumlisha watoto wa mahali pale panane panaporukwa, mia mbili na kumi wa Ruziba na wengine wote. Ikatoka 1,940, bila mtoto kuzidi wala kupungua. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, ikatoka ile ile.

Mama yake mzazi, Adélaïde, alikuwa anaishi Ruziba, mjane wa miaka sitini na minane, peke yake katika nyumba ya vyumba viwili.

Rénovat alipoingia saa mbili alimkuta Danielle amesimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Hii ni nini?"

"Ni testi."

"Hawa watu wanaenda wapi, Rénovat?"

Kijana alifunga mlango nyuma yake kwanza. Uso ulikuwa umemwiva kwa kukosa usingizi. "Jana alikuja bwana mumoja na karatasi ya mabadiliko," alisema kwa sauti ya chini. "Alisema ni mambo ya mradi. Hizi sehemu munane hazitakuwa na chanjo tena, na kutakuwa na kituo kipya. Mi nikabadilisha sheria, testi munane zikaanguka. Nikaweka ziruke. Mashine yako ikakataa, ikataka sababu. Sasa nikamuuliza yeye, sababu ni gani? Akanijibu vile unasoma hapo."

"Na ukaandika!"

"Ungetaka niandike uongo?"

"Ndiyo! Ungeandika mvua! Ungeandika daraja limevunjika!" Danielle alijisikia akipiga kelele, akaishusha sauti. "Yeye hakuogopa maneno yake kuandikwa?"

"Alicheka. Aliniambia, andika tu, kwani nani anasomaka komanteri?"

Chini dukani mtu alikuwa anachana kitambaa, krrr, na mwingine anaomba apunguziwe. Rénovat alivuta kiti, akakaa akiwa ameshika kichwa. Hakuwa mtu mwovu, nami simtetei, nasema lilivyokuwa. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya hata mashine, na watu wa namna hiyo katika nchi yenye vita ni hatari kwao wenyewe na kwa jirani zao.

"Mama Gaël, nakuomba," alisema. "Najua mama yako iko kule. Lakini watu wa Ruziba wakianza kuhama sasa hivi, watauliza nani alijua. Hadji hafunguaka testi. Wenye kujua tuko wawili. Wataanza na mi."

"Na mimi nimwache mama yangu akapangwe kwenye malisho kama ng'ombe?"

"Sijasema umuache. Mutoe. Yeye peke yake, na siku ya mwisho mwisho, ionekane amekuja kwako kusali Jumapili. Mutu mumoja hakuna atamuona."

Danielle alimchukia dakika ile, na alimwonea huruma dakika ile ile. Akaitazama karatasi. Ruka kuanzia tarehe ishirini na tano, siku ya Jumamosi. Basi mama atolewe Ijumaa tarehe ishirini na nne, mchana, wakati njia ina watu. Hesabu ilimtulia kichwani. Alikuwa mtu wa tarehe, na tarehe iliyoandikwa juu ya faili lake mwenyewe aliiamini kuliko redio, kuliko padri, kuliko hofu yake mwenyewe.

Jumamosi tarehe kumi na nane, siku yake ya mapumziko, alikodi baiskeli ya abiria mpaka Ruziba. Njiani kila kitu kilikuwa mahali pake, na hilo ndilo lililomtia baridi. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, wanawake wanawageuza, mtu anapiga filimbi ya wimbo wa kanisa. Danielle aliitikia salamu huku macho yakikwepa macho. Kila aliyempungia mkono, alijua ameshaandikwa kuwa hayupo.

Adélaïde alikuwa uani anapura maharage. Alikuwa mwembamba, mwepesi, mwenye maneno machache, na Kirundi na Kiswahili kwake vilikuwa chungu kimoja.

"Eee, mwananje, mwanangu! Leo kumetoka jua gani?"

Danielle alimvuta ndani, akamweleza kwa kunong'ona. Hakutaja Rénovat wala kompyuta. Alisema tu kuna karatasi imeonekana, kwamba watu wa hapa wataondolewa, wawekwe malishoni juu. Alijiandaa kwa ubishi. Alishajipanga atamshika mama mikono, atapiga magoti ikibidi, maana wazee na nyumba zao unawajua.

Lakini mama hakubisha hata neno.

"Naamini," alisema. "Juma lililopita walikuja wanaume watatu na kamba. Walipima malisho yote, wakapigilia vijiti. Nikawauliza, munajenga shule? Wakacheka, wakaniambia, ndiyo mama, shule kubwa." Akasimama, akajipangusa makapi kwenye kanga. "Twende."

"Wapi?"

"Kwako. Leo. Si umekuja kunitoa?"

"Mama, na maharage je?"

"Yaoze. Nilikuzaa mi, sikuzaa maharage."

Hapo, ndugu yangu, hapo ndipo ilikuwa nafasi yenyewe. Baiskeli ilikuwa nje, jua lilikuwa la saa nane, njia ilikuwa wazi. Danielle angesema neno moja tu. Lakini alimkumbuka Rénovat ameshika kichwa, akafikiri majirani watakavyouliza mama anakimbilia wapi katikati ya mwezi, akafikiri tarehe.

"Apana, mama. Ijumaa. Nitakuja mwenyewe Ijumaa asubuhi."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Siku yenyewe ni Jumamosi. Ukiondoka mapema kuna mtu ataumia."

"Ngojangoja huumiza matumbo, Danielle."

"Mama, nimeiona tarehe kwa macho yangu. Imeandikwa."

"Haya," mama alisema. "We ndiye umesoma." Alirudi kukaa, akashika tena fimbo ya kupuria, lakini hakupura. "Na Candide? Nimwambie?"

Candide alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa miaka ishirini na minne mwenye mapacha wa miezi mitatu. Maji ya kunywa ya Adélaïde yalikuwa yanaletwa naye kila asubuhi, bila kuombwa. Danielle aliona aibu.

"Usimwambie mutu, mama. Hata yeye. Niapie."

Mama hakuapa, wazee wa kule hawaapi ovyo. Alisema tu, "Sitasema," na kwake ilikuwa ni kiapo kamili.

Jumapili ikapita, Jumatatu ikapita. Danielle alikuwa kazini mwili tu. Alisafisha chumba cha mama, akanunua neti ya mbu, akamdanganya Gaël kwamba bibi anakuja kupimwa macho. Jumanne tarehe ishirini na moja, mchana, umeme ulipokatika na kurudi, aliwasha tena Mkaguzi kwa mazoea, akakodolea macho ile karatasi yenye sababu nane ambayo sasa alikuwa anaificha kwenye kava la mto wa kiti. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha tangu wiki iliyopita na hakujua ni nini. Sasa akakiona.

Vilima viwili kati ya vile saba vilitenganishwa na kijito tu. Watu wake wanasalimiana kutoka mlango hadi mlango. Lakini kimoja kiliandikwa tarehe ishirini na tatu na kingine ishirini na tisa. Nani huyo anayehamisha watu wa ng'ambo moja leo, na kuwaacha wa ng'ambo ya pili siku sita wakitazama?

Alifungua ile programu yake ya Mkaguzi, mahali inaposoma mistari ya juu. Ilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe, ya miaka mitatu nyuma. Akafuata mstari kwa kidole. Mkaguzi akikuta tarehe ya kuruka, hailinganishi na siku ya leo. Anailinganisha na siku ya chanjo ya mahali pale. Na siku za chanjo za Ruziba ni mbili tu kwa mwezi. Tarehe kumi na moja ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa ishirini na tano. Katikati hapakuwa na kitu cha kuruka.

"Rénovat." Danielle aliita. "Yule bwana alikutajia tarehe?"

"Tarehe?" Kijana aligeuka. "Apana. Alisema tu chanjo zilizopita ndio za mwisho, zinazofuata hazitakuwepo. Tarehe nilitafuta mi mwenyewe kwa kalenda, kila mahali siku yake."

"Kwa hiyo ishirini na tano si siku ya kuwaondoa."

"Ni siku muuguzi angeenda." Rénovat alikuwa anaanza kuelewa. "Kuwaondoa inaweza kuwa siku yoyote. Hata kabla ya hapo. Mama Gaël, mi nilidhani unajua. Testi ni zako."

"Kwa nini hukuniambia!"

"Hukuniuliza."

Kweli, hakumuuliza. Yeye aliyewauliza watu wote kuhusu kila kitu, jambo hili moja hakuliuliza, kwa kuwa alidhani anajua kusoma alichokitunga mwenyewe. Mimi nimekaa na watu wengi waliosoma, na nimeona, kosa la asiyejua hurekebishwa sokoni asubuhi, lakini la mwenye kujua hakuna anayethubutu kulikagua.

Alitoka bila mkoba. Saa tisa na nusu alikuwa kwenye kizuizi cha barabara ya kusini, jasho linamchuruzika, kiatu kimoja kimekatika mkanda. Kamba ilikuwa imevutwa kukata barabara, na upande wa pili malori sita yalikuwa yameegeshwa yamejaa askari waliokaa kimya kabisa.

"Rudi, mama. Njia imefungwa."

"Afande, nakuomba. Mama yangu ni mugonjwa, yuko hapo Ruziba tu."

"Imefungwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ifunguliwe."

Alimshika mkono, akamlilia, akamtajia Mungu na mama yake aliyemzaa. Askari alikuwa kijana, akageuza uso. Mkubwa wake akaja, akauliza jina la huyu mwanamke na kwa nini ana haraka namna hiyo leo, hasa leo. Danielle akayasikia maneno hayo, hasa leo, akamkumbuka Rénovat. Akarudi nyuma hatua kwa hatua. Alifika kwake saa ya kujifungia ndani imegonga, na usiku ule sitausimulia.

Asubuhi ya Jumatano njia ilikuwa wazi. Askari wa jana hakumwangalia hata usoni. Danielle alipita, lakini kufunguliwa kule kulimtisha kuliko kufungwa.

Ruziba milango ilikuwa wazi yote. Kuku waliingia na kutoka ndani ya nyumba kama wenyewe. Dagaa walikuwa mchangani, kunguru wanawala bila kugombana, walikuwa wengi wa kumtosha kila mmoja. Kwa Candide sufuria ya uji ilikuwa mekoni, moto haujafa. Kwa mama yake hamkuwa na kitu, hata mkeka, hata kijiko. Kuta tupu. Danielle alisimama katikati ya chumba, akasema, "Mana yanje, Mungu wangu, wameshaiba," akatoka mbio kuelekea malishoni.

Alizisikia sauti kabla ya kuona. Haukuwa ukelele. Ulikuwa mngurumo wa chini wa watu wengi waliokatazwa kusimama, na juu yake vilio vya watoto. Kisha kilima kikafunguka, akawaona. Malisho yote yalikuwa watu, wameketi magoti kwa magoti kwenye majani yaliyolowa umande, wamegawanywa mafungu kwa kamba na vijiti. Karibu wote mikono mitupu. Mmoja ameshika ungo, mwingine kiatu cha mtoto, mwingine ufunguo.

Alitembea kando ya kamba akiita. Askari walimwacha aite. Mwishoni mwa fungu la tatu mama yake aliinua mkono.

Adélaïde alisogea mpaka kwenye kamba. Alikuwa mzima, kanga ameifunga vizuri. Nyuma yake, pale alipokuwa amekaa, kulikuwa na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba, na juu yake sufuria, na mkeka, na furushi la nguo.

"Mama, nisamehe. Nilikosea siku. Mama, nisamehe, nilisoma vibaya."

"Nyamaza kwanza." Mama aliongea polepole, midomo haichezi. "Jumamosi ile, ulipotoka tu nyumbani, nilifunga vitu vyangu vyote. Nililala chini siku nne, ili Ijumaa ukija nisikucheleweshe. Leo alfajiri walipiga filimbi, wakatupa muda wa kutoka tu mulangoni. Wenzangu wote wametoka vile unawaona. Mi nilitoka na mzigo kichwani, umefungwa, na sufuria imeoshwa."

Danielle aliangalia nyuma ya mama yake. Candide alikuwa pale, hatua nne, amewafunika mapacha kwa blauzi yake mwenyewe, mabega yake wazi katika baridi ile.

"Nimempa blanketi," Adélaïde alisema. "Hakulipokea. Ameniuliza kitu kimoja, kwamba nilijua tangu lini. Halafu wengine nao wakaanza kuuliza. Niliahidi sitasema, sijasema. Sasa niwajibu nini, mwananje? Nitakaa na hawa watu hapa mpaka lini sijui."

Askari akaja, akamgusa Danielle begani kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu. Muda umekwisha, mama, rudi ulikotoka. Adélaïde alimtikisia kichwa binti yake aende. Akageuka, akarudi kwenye godoro lake, akakaa juu yake mgongo ukiwa wima. Watu walikuwa wamebanana mahali pale hata pa kuweka mguu hapakuwepo, lakini pande zote zake nne walikuwa wamesogea, wamemwachia nafasi.